Siku Niliyoinyima Kompyuta Memori Kule Nkoma

Aibu hii nilitaka nife nayo, lakini kwa kuwa Shija wa ofisini ameshaisambaza Bariadi nzima, bora mnisikie mwenyewe, maana yeye anaongeza chumvi na iliyopo inanitosha.

Nilikuwa nimeandika programu ya kuorodhesha ng'ombe waliochanjwa. Tulipofika Nkoma, pale joshoni, nikamwambia afisa mifugo, kwa ile jeuri ya mtu mwenye laptop, aweke pembeni kopo la rangi wanalopaka ng'ombe mgongoni wakishachomwa sindano, mambo ya kizamani hayo, kompyuta inatosha. Akaweka.

Saa nne foleni ikapungua, na (hapa ndipo nilipojiroga) nikaona nijaribu jambo lililokuwa linanisumbua siku nyingi: programu ikiomba memori zaidi, mfumo ukikataa, itafanyaje? Ofisini nilijaribu kwa ng'ombe watatu wa kubuni, ikasema "nafasi imejaa" na kutulia. Basi nikaweka kikomo cha memori, akaingizwa ng'ombe mwingine, programu ikaomba, ikanyimwa, na badala ya kukubali imenyimwa ikaendelea kuandika kana kwamba imepewa, ikafa na orodha yote ya asubuhi, kwa sababu mjinga mimi sikuwa nimeihifadhi popote.

Nikageuka. Waliochomwa na wasiochomwa wanakunywa maji pamoja, migongo mitupu, na dozi zilizobaki ni za wasiochomwa tu. Afisa mifugo akaliangalia lile kopo. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mmoja, Mayu Nkwimba, aliyeswaga ng'ombe wake kumi na wanne tangu alfajiri, akanisogelea.

"Ng'wana wane," akaniita mwanangu, "kwa hiyo hujui waliochomwa?"

"Sijui, mayu."

"Mimi wangu nawajua. Kaa chini, andika."

Akaanza: mweusi wa paji jeupe, tayari, mwekundu wa pembe iliyopinda, tayari, yule mwenye mimba, bado, na alipomaliza jirani yake akaanza wa kwake, kisha mwingine, mimi niko juu ya jiwe na daftari la kuazima, jua la utosi, mkono umekufa ganzi, hadi saa tisa. Dozi ya mwisho ikamwingia ng'ombe wa mwisho. Sijawahi kuchoka vile.

Wakati wa kuondoka mayu akaniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko tusi, "Hiyo mashine yako, ikinyimwa kidogo tu, inatupa hata ilichokuwa nacho?"

Siku hizi majaribio nafanyia ofisini, mlango nimefunga, na tukienda joshoni kopo la rangi nalibeba mimi.