Mlima wa Mama Nyambura

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza hata kibiriti. Karani Mkuu alinikalisha kwenye kasha la sabuni nyuma ya kaunta, akanipa rula na wino mwekundu, akaniamuru nichore mistari kwenye karatasi za kufungia sukari mpaka jioni. Nilikuwa nimetoka shule juzi tu na nilijiona msomi, kwa hiyo nilinuna kutwa nzima.

Duka lilikuwa Nakuru mjini, si mbali na stesheni. Mwenye duka tulimwita Tajiri, kama ilivyokuwa desturi. Yeye alishika funguo. Kazi yenyewe aliijua Karani Mkuu, mzee wa ukoo uliotoka pwani, kofia yake imenyooka na miwani yake imefungwa uzi. Nilimwogopa mwezi mzima, kisha nikampenda kuliko nilivyowapenda baadhi ya wajomba zangu, na sioni haya kusema.

Ninyi mnaokopa kwa kubonyeza simu, ngojeni niwaeleze tulivyokopesha. Kibarua wa shamba la mzungu alikuwa na tikiti, yaani kadi yenye vyumba thelathini. Kila siku aliyofanya kazi, nyapara alitia alama kwenye chumba kimoja, na mshahara ulitoka vyumba vyote vikijaa. Mtu akitaka blanketi kwa deni, tulihesabu alama. Mwenye alama kumi alikopeshwa thamani ya siku tano, basi, hata angelia.

"Kopesha nusu ya jasho alilokwisha kulitoa," Karani Mkuu alinifundisha. "La kesho usiliguse. Kesho hatujui kutakuwaje."

Na kulikuwa na jambo la mstari. Mistari ya rula ilikuwa yetu makarani, ya kugawa ukurasa. Lakini deni lilipokwisha, mwenye deni mwenyewe ndiye aliyeukata ukurasa wake kwa mstari mwekundu, kwa mkono wake, bila rula. Tajiri alilalamika kwamba tunamaliza wino. Karani Mkuu alimjibu kwa adabu kwamba wateja wanaochora mstari hurudi, na kweli walirudi.

Baada ya mwaka nilipelekwa kwenye tawi letu la Molo. Lori lilipanda mwinuko wa Sachangwan likikohoa, nami juu ya magunia ya chumvi nikitetemeka kwa baridi. Huko ndiko nilikomkuta Mama Nyambura, mjane aliyechuma maua ya pareto katika shamba la jirani na kulea watoto wawili. Kila akiingia alinitania.

"Karani, hii kazi haikulishi? Unakonda kama kalamu yako."

Mstari wake ulianzia chini upande wa kushoto ukapanda mpaka pembe ya juu. Nilimwambia umepinda. Akacheka. "Hiyo ni mlima yangu. Wacha ipande."

Kisha serikali ya mkoloni ikatangaza Hali ya Hatari kwa ajili ya Mau Mau. Asubuhi moja malori yaliwakusanya Wakikuyu wa mashamba yale ili kuwarudisha rizavu, yaani maeneo waliyotengewa na serikali, pamoja na watoto, kuku na sufuria. Tikiti ya Mama Nyambura ilikuwa na alama kumi na nane ambazo hakuna aliyezilipa, na katika daftari letu alidaiwa shilingi kumi na mbili, bei ya mablanketi ya watoto. Nilikimbia hadi barabarani. Aliponiona alipaza sauti kutoka juu ya lori.

"Karani! Usifunge ukurasa yangu! Nitarudi!"

Wiki ile Tajiri aliagiza majina ya wote walioondoka na madeni yaandikwe, orodha ipelekwe kwa wenye maduka wenzake. Aliyeandikwa pale asingekopeshwa hata chumvi kutoka Molo hadi Naivasha. Niliwaza juu ya jina la mama yule katika orodha ya walaghai, roho ikaniuma. Nikatoa shilingi kumi na mbili katika mshahara wangu mdogo, nikazitia kwenye droo, nikachora mstari katika ukurasa wake. Mwezi ule nilikula ugali na chumvi, na nilijiona mtu mwema sana.

Karani Mkuu alipokuja kukagua vitabu alisimama kwenye ukurasa ule. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akafunua ukurasa uliofuata.

Miaka ikapita. Tawi la Molo lilifungwa, nikarudi Nakuru pamoja na madaftari. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea ukingoni alipoingia mwanamke mwembamba, mvi zimemtoka, akafungua fundo la leso na kumwaga sarafu kwenye kaunta.

"Karani. Leta ukurasa yangu."

Nilifurahi hadi nikasahau salamu. "Weka pesa zako, mama. Lile deni lilikwisha zamani."

"Lilikwisha namna gani? Nani alilipa?"

Nilimfunulia ukurasa. Aliutazama, uso ukabadilika.

"Hii mstari si yangu. Hii imenyooka."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nilikuwa nimetumia rula, kwa mazoea tu. Nikamweleza yote, nikitegemea shukrani.

"Miaka yote hiyo nimelima shamba za watu nikihesabu hizi shilingi," alisema. "Kila kitu walichukua. Nikasema, angalau duka ya Molo inajua mimi hulipa. Kumbe wewe ulinihesabu na wale hawawezi kulipa?"

Machozi yalinitoka mbele ya wateja. Karani Mkuu alikuja polepole kutoka stoo, akafungua ukurasa mpya, akaandika kwamba Mama Nyambura anadaiwa na mimi shilingi kumi na mbili.

"Nilijua tangu siku ile," aliniambia. "Mstari wake hupanda. Nilikuwa namngoja mwenyewe."

Mama Nyambura alinihesabia sarafu mkononi, moja moja, nami nikazipokea kwa mikono miwili. Kisha akachukua kalamu, akachora mlima wake toka chini hadi juu, akapumua. Aliponitazama tena alikuwa anacheka.

"Sasa nikopeshe jembe. Tikiti ndiyo hii, ina alama kumi."

Nilikopesha watu mpaka nilipostaafu, na mstari wa mtu sikuugusa tena. Mimi mwenyewe nilikuwa na deni la mabati ya nyumba yangu, na nililimaliza siku yangu ya mwisho kazini. Karani aliyenirithi, binti mwenye heshima zake, aliona mkono wangu unavyotetemeka, akachukua rula.

"Ngoja mzee, nikuchoree."

"Asante, mwanangu," nikamwambia. "Rula weka. Nipe kalamu."