Siku Mama Ngurumo Alipozima Mota

Shemeji yangu, mjane wa kaka, mtaa mzima unamwita Mama Ngurumo, na wala si kwa sauti yake, maana akiongea lazima umsogelee. Ni kwa makelele ya karakana yake ya sufuria. Mota alizoacha kaka zinawashwa asubuhi, hazizimwi hadi jioni, kazi iwepo isiwepo. Watu wanakula, mota zinazunguka. Bati limekwisha, mota zinazunguka. Mimi ndiye fundi umeme wake, na jambo hilo lilinikera hadi basi.

Nilimwonyesha mita inavyokimbia. Nikaleta swichi za kuzima kila mota peke yake, akazifungia kabatini na vikombe vya wageni. Eti mashine ikizimwa haiamki vizuri. Eti wateja watadhani tumefunga. Hasira zangu ziko karibu, nikawa namjibu ovyo.

Bili ikapanda tena. Akaniita pembeni, akasema itabidi msuguaji wetu aachishwe kazi. Mama wa watu, anasomesha watoto peke yake, na mkono wake ndio unaofanya sufuria zetu zing'ae! Nikachemka. Nikamuuliza kama kweli atamfukuza mtu ili alishe mota zinazozunguka bure.

Akanisogelea.

"Shemeji," akasema, "mara ya mwisho mota hizi kuzimwa mchana ni siku tuliyomzika kaka yako. Ule ukimya siuwezi."

Hasira zikaniisha palepale. Kumbe tulikuwa tunamlilia mtu mmoja, mimi kwa ukali, yeye kwa makelele. Nilimwambia siku akiwa tayari, nitasimama naye.

Kesho yake akanikabidhi swichi, nikazifunga. Ulipofika wakati wa chakula akaja mwenyewe, akazima moja, akazima ya pili, hadi ya mwisho. Karakana ikanyamaza. Isipokuwa msuguaji, aliyekuwa bado anapaza sauti kama tulivyozoea, akimsimulia mwenzake ninavyojimwagia manukato wakija wateja wa kike. Umbea wote ukafika barabarani. Shemeji alicheka hadi akafuta machozi, nami nikacheka, ningefanyaje?

Mara fundi viatu wa jirani akaingia mbio, kiatu kimoja mkononi, uso umemshuka.

"Poleni jamani. Nani tena?"

Shemeji alivuta pumzi, akamsogezea kiti.

"Safari hii hajafa mtu, jirani. Tumezima ili msuguaji wangu abaki. Karibu tule."