Nilitupa kamba za gita la baba, na mama alikuwa anasubiri kuzisikia

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Mimi si mutu wa kuandika. Nilisoma mpaka primeri ya nne, basi. Lakini haya yote yalinipata mimi mwenyewe, na pale nilipokosea nitasema nilikosea, kitu ambacho hapa mjini hakuna mutu amewahi kunisikia nikisema.

Kwanza munijue.

Niko na depo ya mbao mtaa wa Mabanga. Ukifika uliza tu "kwa Patron Bahati", watakuonyesha. Nilianza nikisukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, nikishusha mbao za watu wengine. Leo mbao ni zangu, mashine ya kupasua ni yangu, na nyumba ya Munigi, nje kidogo ya mji, nimeijenga juu ya mawe ya volkano bila kuomba mutu hata musumari. Sijisifu, nasema tu vile iko.

(Sawa, najisifu kidogo. Nimetoka jasho, muniache nijisifu.)

Sasa tuje kwa gita.

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli kule Kiwanja, mji mdogo nilikozaliwa, karibu na soko. Gita lake alilinunua kwa katekista mmoja likiwa boksi tupu, hakuna kamba hata moja. Kamba za dukani Kiwanja ya wakati ule ungezitoa wapi? Muzee akachukua waya wa freni ya baiskeli, akaufumua mmoja mmoja, akafunga. Zile kamba nene alizisokota mwenyewe kwa koleo.

Alikuwa na wimbo mmoja usio na maneno. Aliupiga kila siku saa kumi, akishamaliza kazi, amekaa juu ya kreti mbele ya karakana. Nyumbani tuliuita "ule wa kufunga". Mama alikuwa nyuma ya nyumba. Akiusikia tu, anaweka maji ya bugali kwenye moto. Hakuna aliyemwita. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Mimi nilikuwa naona haya. Watoto wenzangu walinicheka: "Wee Bahati, muzee yako anapiga freni! Siku moja wimbo utasimama katikati ya njia!"

Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na saba. Mama akalifunga gita ndani ya kitenge chake, akaliweka juu, chini ya bati. Hakuna aliyeligusa tena.

Miaka ikapita. Nikapata mali. Nikamleta mama Munigi, nikamtengenezea kitanda cha libuyu, mbao ambayo hata wakubwa wanaililia. Yeye akaja na kifurushi cha nguo na lile gita. Sufuria zake zote aliziacha, gita hakuliacha.

Mwaka jana tukaanza kuona kwamba wajukuu wanamwita, haitiki. Nikampeleka kwenye kituo cha afya. Wakamwangalia, wakaniambia masikio yanaondoka polepole, na hayatarudi.

Tukiwa kwenye gari kurudi, mama akasema:

"Bahati, kabla masikio hayajafunga, ningesikia ule wa kufunga. Mara moja tu."

Mimi nikajibu kama ninavyojibu siku zote. "Mama, hiyo si kitu. Nitakuletea orkestra nzima nyumbani."

"Orkestra inaujua?"



Wakuu, ule wimbo hauko kwenye simu. Hauko redioni. Duniani kote ulikuwa umebaki kwa watu wawili tu, mama na mimi. Nikamwomba auimbe, nimtafutie mutu wa kuupiga. Akakataa. "Ule si wa mudomo," akasema.

Basi nikaona hapa hakuna wa kutuma. Nina miaka hamsini na moja, sijawahi kushika gita, na ni lazima nijifunze mimi.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Nililibeba gita la baba mpaka mjini, kwa muuzaji wa vyombo vya muziki. Nikamwambia: toa hizi takataka zote, weka kamba mpya, za maana. Yule bwana aliliangalia kwa muda, akapitisha kidole juu ya waya, akaanza, "Patron, huyu aliyefunga hizi..."

"Nimesema toa."

Akatoa. Akaziweka kwenye kifuko anipe. Nikamwambia tupa.

Mwalimu sasa. Mimi nilitaka mwalimu mwanaume, mutu muzima, mwenye tumbo. Kila niliyemuuliza alinijibu kitu kimoja: nenda kwa Kavira. Kavira ni mama wa watoto wawili, mutu wa Butembo, anapiga gita kwenye korali ya parokia. Mwembamba, mikono midogo kama ya mwanafunzi. Nilipomwona nilitaka kurudi.

Alikuwa anakuja depo saa sita, wafanyakazi wakienda kula na mashine ikizimwa. Siku ya kwanza aliniangalia vidole, akacheka.

"Papa patron, hivi ni vidole vya kubeba. Hapa hatubebi."

"Mama Kavira, vidole hivi vimejenga nyumba."

"Basi leo vijenge akordi moja tuone."

Haikujengeka. Siku hiyo wala wiki hiyo. Mimi nina sugu, lakini sugu zangu ziko kiganjani. Gita linazitaka kwenye ncha za vidole. Ngozi ilipasuka, nikawa nasaini karatasi za mbao kwa kidole kilichofungwa plasta. Wafanyakazi walikuwa wanakula nyuma ya rundo la mbao, nawasikia kabisa: "Leo patron anachinja paka gani?" "Ya jana haikufa."

Sikumfukuza mutu. Walikuwa wanasema kweli.

Kavira aliniambia nipige ule wimbo kwa mluzi. Nikapiga, yeye akatafuta noti moja moja, akanionyesha mahali pa kuweka kidole. Mwezi wa sita wa masomo niliweza kuupiga mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Hapo nilijiona mfalme.

Lakini haukuwa wenyewe.

Noti zilikuwa zilezile. Ila pale katikati, mahali ambapo wimbo wa baba ulikuwa unapanda kama mutu anayeruka mfereji, wangu ulikuwa unazama. Tulibadilisha vidole. Tukabadilisha mwendo. Ukazidi kuzama.

Na nyumbani mama alikuwa anauliza, "Bado?"

"Bado kidogo, mama."

Mwanzoni nilikuwa namwita kutoka kwenye geti, anaitika. Baadaye ikawa mpaka nifike mulangoni. Mwezi wa sita ikawa mpaka nisimame begani kwake. Kila hatua niliyosogea nilijua ni nini kinaondoka.

Siku moja Kavira akaniuliza, "Papa patron, gita ya muzee ilikuwa na kamba za namna gani?"

Wakuu, hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu.

Nikamjibu, "Za dukani. Nzuri. Baba yangu hakuwa mutu wa hivihivi."

Akaniamini. Tukaendelea miezi miwili mingine kutafuta kosa kwenye vidole vyangu.

Najua mutasema, sasa ulikuwa unadanganya kwa faida gani? Hata mimi nimejiuliza. Niko na depo, niko na nyumba, baba amekufa zaidi ya miaka thelathini, na bado nilikuwa nasikia wale watoto wa Kiwanja wakisema anapiga freni. Mali haikuwanyamazisha.

Mwezi wa nane nikachoka. Nikaliweka gita juu ya mbao kwa hasira, nikasema gita hili ni bovu, nitanunua lingine, kubwa.

Kavira akasema, "Gita haina shida. Wewe ndiye kuna kitu hunipatii."

Nikaangalia kama wafanyakazi wako mbali. Nikasema polepole, "Ilikuwa waya wa freni."

"Zote?"

"Zote. Tena ya nne aliikosea. Pale panapotakiwa kamba nene, yeye aliweka waya mumoja, mwembamba kama ule wa kwanza. Nafikiri vifaa vilimuishia, muzee wa watu."

Kavira hakucheka. Alinitazama mpaka nikaangalia pembeni.

"Papa, hakuna kilichomuishia. Hiyo inaitwa *mi composé*. Wapiga gita wa Congo, wale wakubwa wetu, ndivyo walivyokuwa wanafunga. Ya nne inakuwa nyembamba makusudi, ili sauti ipande juu pale wengine wanashuka."

Akafungua mfuko wake, akatoa kamba moja nyembamba. Akaing'oa ile ya nne nene, akafunga hiyo, akaikaza, akasikiliza, akaikaza tena. Kisha akapiga pale katikati.

Nilimwona baba. Amekaa juu ya kreti, mikono ina grisi. Sitaandika zaidi ya hapo.

"Kwa nini hukuniambia mwezi wa kwanza?" Kavira akauliza.

Mimi ambaye nina jibu kwa mutu wa ushuru, kwa polisi, kwa mteja anayelalamika, niliokota ile kamba nene chini nikaanza kuikunja.

Ilibidi nianze upya, maana vidole vilikuwa vimezoea ile nene. Wiki tatu. Nilikuwa napiga asubuhi kabla ya kufungua, saa sita, na jioni kabla ya kufunga. Mashine ilisimama siku nyingi na sikuuliza.

Jumapili moja tukitoka misa, nikaketi na mama uani, upande wa sikio lake zuri, karibu mpaka magoti yetu yakagusana. Mke wangu akawatoa watoto nje ya geti. Nikapiga.

Mama hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mikono. Nilipomaliza alisema:

"Baba yako naye alikuwa anaacha mudomo wazi hivyo. Nzi wataingia."

Tukacheka wote wawili.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia zile nene. Vizuri sana." Akainama kuangalia kamba. "Zile ndogo, unazipiga?"

"Nazipiga, mama."

"Haya. Basi hizo zimeshaenda."

Wakuu, baadaye kwenye kituo cha afya waliniambia ndivyo inavyokuwa kwa wazee wengi, sauti nyembamba zinatangulia kuondoka. Lakini hapo uani hakuna aliyekuwa ananieleza. Nilielewa mwenyewe. Mwanzoni mwa miezi ile minane angezisikia. Angalau mwezi ule Kavira aliponiuliza, nikamjibu za dukani, labda angezisikia.

Nikataka kuliweka gita chini. Mama akanipiga kofi gotini.

"Nani amekuambia uache? Piga zote, nene na ndogo. Ndogo nitaziweka mimi mwenyewe. Nazijua."

Nikapiga tena. Nikawa namwangalia. Tulipofika pale katikati, pale ambapo hakuna sauti iliyokuwa inamfikia, kichwa chake kikapanda. Kwa saa yake kabisa, hata mimi nilikuwa nimechelewa kidogo.

Sasa nampigia kila Jumapili. Siku nyingine anasema leo nimesikia kidogo tu, siku nyingine hasemi kitu, lakini kile kichwa hakijawahi kukosea.

Nilichojifunza ni hiki, na ninakitoa bure. Ukikuta mzazi wako alifunga kitu kwa namna unayoiona ya kimaskini, usikimbilie kukifungua. Uliza kwanza, kama bado kuna wa kumuuliza. Na mutu anayekufundisha akikuuliza swali, mpe ukweli siku hiyohiyo. Gita halijui kama wewe ni patron.

Kwa wale wanaofikiri miaka hamsini imepita muda wa kuanza: mimi nimeanza, na ninapiga. Vibaya, lakini napiga. Mwenye swali kuhusu sugu aulize, hapo mimi ni daktari.

Lakini ninyi ninaowahitaji zaidi ni watu wa Kiwanja. Kama wewe, au mzazi wako, mulikuwa munapita karibu na soko zamani, saa kumi, mukasikia fundi baiskeli akipiga gita mbele ya karakana yake, niandikie hapa chini. Si lazima ukumbuke wimbo. Sema tu kwamba ulisikia, nimwonyeshe mama.