Ndiyo Aliyoitamka Juu ya Ukuta wa Rodo

Saa tisa alasiri, wakati ambapo wachukuzi wa mtaa wa Sanyuanli, mjini Guangzhou, huanza kuteremsha marobota ya mwisho ya siku, Theophil Rwegasira alipokea kwenye simu ujumbe wa sauti kutoka kwa mkewe Anastazia, aliyeko Bukoba. Aliusikiliza mara tatu, na kila alipourudia alizidi kutouelewa.

"Baba Dainess, habari za huko," ilisema sauti ya mkewe. "Jumapili ndiyo misa yetu ya shukrani, miaka thelathini ya ndoa. Nitumie picha moja ya Rodo ambayo mimi na wewe tumo wote, ikuzwe niitundike sebuleni. Halafu, lile neno uliloniitikia juu ya ukuta, nimekwisha kumwambia Padre, na kaka zako pia. Wamefurahi mno. Mama yako mdogo amelia."

Neno gani? Theophil aliweka simu mezani, akaitazama kama mtu atazamavyo barua iliyoandikwa jina lake kwa anwani ya mwingine. Alikuwa ameitikia nini, tena kizito kiasi cha kumliza mama mdogo, ambaye hakulia hata alipovunjika nyonga?

Theophil alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na kumi na tisa kati ya hiyo ameiishi Guangzhou. Kazi yake ilikuwa kutafuta bidhaa kwa niaba ya wafanyabiashara wa nyumbani, kuzikusanya na kuzipakia katika makontena. Mteja wa Kahama humtumia picha ya kitasa. Yeye hushuka hadi kwenye majengo ya maduka ya barabara ya Guangyuan Xilu, akapanda ngazi na kushuka ngazi mpaka akipate, kisha humrudishia mteja picha zake: ya mbele, ya nyuma, ya mshono au ya maungio. Na katika kila picha sharti kiwepo kitu cha kupimia, kidole au kiganja. Sharti hilo alilipata kwa fimbo. Mwaka wake wa kwanza alimwagizia mama mmoja wa Geita masufuria mia mbili ya pilau, yakafika masufuria ya kuchezea watoto. Tangu hapo hajapiga picha isiyo na mkono ndani yake.

Mtu huyo ndiye ambaye binti yake Dainess, muuguzi huko Ujerumani, aliwalipia wazazi wake siku saba katika kisiwa cha Rodo, ndani ya Bahari ya Mediterania. Jina la kisiwa alilijua tangu mafundisho ya kipaimara, kwa kuwa Mtume Paulo alipita hapo kwa meli. Hakujua kwamba watu walikuwa bado wanakwenda, tena bila ya Injili wala mzigo. Anastazia alitokea Bukoba, yeye akatokea Guangzhou, wakakutana uwanja wa ndege kama wageni wawili waliopangiwa chumba kimoja.

Katika siku zile saba hakuelewa jambo. Ufukweni aliwakuta watu wazima wamelala juani kwa safu, wamegeuzwa upande huu na upande huu kama kahawa iliyoanikwa mikekani, akamwuliza mkewe kwa sauti ya chini, "Hawa wanangoja nini?" Anastazia akajibu, "Hawangoji kitu. Nawe lala." Akalala, na baada ya dakika tano akainuka kukagua jinsi kamba za kitanda zilivyopigwa fundo. Ni ndani ya mji mkongwe tu, ule uliozungushiwa ukuta na mashujaa wa msalaba karne nyingi zilizopita, ndipo alipopumua. Huko kulikuwa na vitu vya kukagua: malango yenye misumari mikubwa kama ngumi, njia zilizotandikwa kokoto nyeusi na nyeupe kwa mapambo, mawe ya mizinga yaliyoachwa handakini kama maboga yasiyovunwa. Alipiga picha mpaka simu ikapata moto.

"Kwa hiyo picha ziko," alisema Abdulwakil, Mzanzibari waliyechangia naye ofisi, mtu wa viatu na mikoba. Alikuwa ameusikia ujumbe wote, kwa sababu ofisi ile haikuwa na ukuta wa kumzuia asiusikie. "Na hilo neno tutaliona humo humo. Hebu lete, Mzee Theo. Nyinyi Wahaya mkifika Ulaya huwa hatulali kwa hadithi, leo hata picha mwatuficha?"

Wakazifungua. Zilikuwa picha mia sita na kumi na mbili. Lango kwa mbele, lango kwa nyuma. Komeo. Msumari, na kidole pembeni yake. Kokoto za njia, na vidole vya mkono wa kike. Jiwe la mzinga, na kiganja kimewekwa juu yake. Mwavuli wa ufukweni, umefungwa, mwavuli, umefunguliwa, na mkono umeshika mpini.

"Mkono wa nani huu?" aliuliza Abdulwakil.

"Wa Mama Dainess."

"Na uso wake u wapi?"

Theophil aliendelea kufungua, kwanza polepole, kisha kwa haraka ya mtu aliyepoteza hati ya kusafiria. Kila mahali ulikuwapo mkono wa Anastazia, wenye pete ya ndoa na kovu la kisu cha ndizi. Uso haukuwapo hata mara moja. Na yeye mwenyewe hakuwapo kabisa, isipokuwa kivuli chake juu ya ngazi.

"Subhanallah," alisema Abdulwakil. "Bwana wee, umempeleka mke Ulaya ukamfanya rula!"

Theophil hakucheka. Alikuwa anashangaa kweli, maana akilini mwake alikuwa na hakika kwamba alimpiga mkewe picha nyingi. Alikumbuka kila pahali aliposimama. Alikumbuka upana wa lango la bandarini, shibiri kumi na nane. Lakini alipojaribu kukumbuka Anastazia alivaa nini siku ile walipopanda ukutani, alikuta pamekuwa peupe.

Ndipo walipofikia video. Ilikuwa ya bawaba, chuma kikuukuu juu ya ule ukuta, mkono wa Anastazia ukifungua na kufunga kijilango. Upepo ulivuma, kisha sauti yake ikasikika dhahiri:

"Baba Dainess, miaka kumi na tisa nimeolewa na simu. Pango la ofisi yako likiisha mwezi wa kumi na moja, usiliendeleze. Rudi tukae. Unasikia?"

"Ndiyo, ndiyo. Shika hapo chini, kidole kionekane."

"Umesema ndiyo?"

"Ndiyo, Mama. Usitikisike."

Video ikaisha. Abdulwakil aliitazama kalenda. Kisha akasema taratibu, "Na leo ndiyo siku ya Bi Chen."

Kweli, mlango ulikuwa umekwisha kugongwa. Bi Chen, mwenye jengo, aliingia na chupa yake ya chai na mkataba mpya wa miaka mitatu, akautandaza juu ya meza, akamkabidhi Theophil kalamu kama afanyavyo kila mara. Theophil akaipokea. Simu ikalia. Alikuwa Anastazia.

"Picha umeipata?"

"Mama Dainess." Alitazama kalamu, kisha mkataba. "Kule ukutani sikukusikia."

"Najua."

"Unajua?"

"Mtu anayesikia hasemi 'usitikisike'."

"Sasa Padre ulimwambiaje?"

"Nilimwambia ili usikie. Kwa wiki nzima mimi nilinena, nawe ukapima milango ya watu waliokufa." Hakuwa amekasirika, na hilo lilimchanganya zaidi kuliko hasira. "Basi nakuuliza tena. Unarudi, hurudi? Ukisema hurudi nitamfuata Padre nimwambie nilikosea. Lakini sitauliza mara ya tatu."

Theophil aliizungusha kalamu vidoleni. Nyumbani angekuwa nani? Angepima nini? Alimwona Bi Chen akigonga kwa kucha mahali pa kutia sahihi, na mdomo wake ukatoa neno la sokoni, lile ambalo kwa miaka kumi na tisa amewaambia wauzaji wote wa Guangyuan Xilu: "Buyao." Sitaki.

Bi Chen akacheka, akachukua kalamu nyingine, akakata kodi iliyoandikwa, akaandika iliyo chini yake.

"Anasemaje huyo anayecheka?" aliuliza Anastazia.

"Ni mwenye jengo, anapunguza kodi. Anadhani nabembeleza bei."

"Nawe unabembeleza bei?"

Alitaka kusema la. Lakini hakuwa na hakika, kwa kuwa katika mji huu hakupata kumwona mtu akisema hataki naye kweli hataki, hata yeye mwenyewe. "Buyao," alirudia. Bi Chen akaguna, akapunguza tena. Ilikuwa bei ambayo hakuna mpangaji wa Sanyuanli aliyepata kuisikia, na Abdulwakil alifumba macho.

Theophil aliuona mkono wake wa kulia ukishuka mfukoni. Ukatoka na pete ya funguo, ukahangaika na ufunguo wa ofisi mpaka ukauchomoa, ukauweka juu ya mkataba, mbele ya Bi Chen, ambaye sasa hakucheka tena.

"Baba Dainess, upo?"

"Nipo," alisema, akiutazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeombwa aushikilie pale ili kitu fulani kijulikane ukubwa wake. "Ndiyo. Safari hii nimesikia swali."

"Na picha?"

"Picha zina mikono yako tu."

"Nitumie ile ya bawaba ya ukutani, niitundike," alisema Anastazia. "Padre akiuliza nitamweleza. Na wewe ukifika utakaa nami mbele ya picha hiyo, tupigwe nyingine."