Siku Samaki Walipofichwa Kanisani

Enzi zetu, katika miaka ya sabini, mtaa huu wetu wa ufukweni huku Budalang'i ulijulikana kwa pua kabla ya macho. Ukitoka Busia kwa baiskeli, harufu ya omena, wale dagaa wa ziwa letu, ilikupokea ukiwa bado kwenye mashamba ya mihogo, ukajua umekaribia nyumbani. Wenzangu wa rika langu watanielewa. Wajukuu wetu, ambao hujipulizia marashi hata wakienda kulala, watasema tunatunga.

Tulioga ziwani asubuhi, tukajipaka mafuta magotini tu, maana chupa ilikuwa moja na watoto wengi, kisha tukaenda shule miguu mitupu. Mpira wetu tuliufuma kwa nyavu kuukuu, nao ukikupiga mgongoni ulikuachia alama za mafundo. Jioni tulifukuza ndege kwenye omena walioanikwa. Tulikula ugali wa mtama na muhogo kwa fulu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi. Baba alisema Mungu aliumba fulu ili watoto wasiongee wakati wa kula. Siku hizi fulu wamekwisha ziwani, na kweli watoto wanaongea.

Mtaa ulikuwa unakua. Watu walivuka kutoka Uganda mambo yalipoharibika kwao, wengine wakashuka kutoka Malaba na Adungosi kutafuta biashara. Kila ukizunguka uliona bati jipya liking'aa. Tulikuwa na kinyozi, fundi cherehani, na hoteli ya chai yenye viti vya kukalia. Tulichokosa ni barabara. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulishika magurudumu kama gundi. Samaki wa Mama walilala njiani, na wakifika Busia walikuwa wa kutupwa. Mama alirudi amebeba vikapu vitupu, akaketi jikoni, nasi tukajua kwamba sare za shule zitangoja tena.

Kwa hiyo habari zilipokuja kwamba afisa wa wilaya atatembelea fuo zote na kuchagua mmoja utakaotengenezewa barabara, Mama alifunga na kuomba.

Mwenyekiti wa kamati ya mtaa, Mzee Wandera, hakufunga. Aliitisha mkutano. Yeye aliwahi kufanya kazi katika jiko la hoteli huko Kampala, akarudi na koti zito ambalo alilivaa hata saa sita mchana, akitokwa jasho kwa heshima.

"Ndugu zangu," alisema, "afisa akikuta omena wametandazwa njiani, ataandika kwamba hapa ni kijiji. Mji ndio hupewa barabara. Kwa hiyo nisione omena, nisione wavu, na nisione mtu anafua ziwani."

Watu walipiga makofi. Nyavu zikaingia mvunguni na mashua zikasukumwa ndani ya mafunjo. Lakini omena, wengine wakiwa hawajakauka, wangewekwa wapi? Macho yote yakamgeukia Baba, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa na ufunguo ulikaa kwake.

"Petro alikuwa mvuvi," Baba akasema taratibu. "Akija leo, tutamficha wapi?"

"Mzee, Petro hakuwa anaomba barabara," akasema Mzee Wandera.

Watu wakacheka, na ufunguo ukatoka. Jioni hiyo kanisa lilijaa omena kutoka mlangoni hadi madhabahuni, madirisha yakafungwa. Paa lilikuwa la bati.

Kesho yake afisa alifika jua likiwa kali. Alikuwa kijana mpole, viatu vyake vimejaa vumbi. Sisi watoto tulipangwa mstari tukiwa na viatu vya kuazima, mimi nikiwa na viwili vya mguu wa kushoto. Afisa akaangalia ufuo mweupe, safi, usio na kitu. Akatazama juu. Ndege wote wa ziwani walikuwa wametua juu ya paa la kanisa.

"Hawa nao wanasali hapa?"

"Mtaa wetu ni wa kidini sana, bwana afisa," Mzee Wandera akajibu.

"Na samaki wenu wako wapi?"

"Samaki ni mambo ya zamani. Hapa sasa ni mji."

Afisa akafunga kalamu yake. "Basi niliambiwa vibaya. Barabara hii ni ya kubebea samaki."

Mzee Wandera alivuta koti vizuri. Mama ndiye aliyetoka kwenye mstari.

"Samaki wapo, mwanangu," akasema. "Wako kanisani."

Baba akafungua mlango. Omena mbichi waliofungiwa chini ya bati tangu jana walitoka kutulaki kabla hatujaingia. Afisa alirudi nyuma akitafuta kitambaa. Alipopata pumzi alimwambia Mama kwa upole, "Mama, kama wanaoza wakiwa hapa hapa, barabara itawasaidia nini?"

Barabara ilipelekwa ufuo mwingine, ambako watu walichelewa kupata habari za mgeni, akawakuta wameanika. Jumapili ile ibada ilikuwa fupi. Baba alimshukuru Mungu kwamba angalau kanisa letu sasa lilinuka kama mashua ya mitume.

Mama aliendelea na baiskeli na matope mpaka mgongo ulipokataa, akazikwa lami haijafika. Sasa imefika. Mtaa una nyumba za ghorofa zenye majina ya Kizungu, na kamati ya vijana wanaokutana kwenye simu. Juzi niliona picha ya omena wangu niliowaanika mlangoni kwenye simu ya mjukuu wangu, imezungushiwa alama nyekundu.

"Kuka," akasema, yaani babu kwa lugha yetu, "wamesema uanue. Inaharibia estate jina."

Nilimuuliza kama kuna afisa anakuja. Hakuelewa.

Niliwaacha omena pale pale, mbele ya mlango, wakitazama lami. Kila asubuhi lori hupita hapo likitoka Busia, limebeba katoni za samaki waliogandishwa kutoka nchi za mbali, likiwaleta ziwani tuwanunue. Baba angepata namna ya kushukuru hata kwa hilo. Mimi bado najaribu.