Jicho Ambalo Trimbak Hakulitaja

Mjini Wai, ukiuliza nani anajua nyota, ulielekezwa kwa Trimbak Dandekar, karibu na ngazi za mtoni. Hakuwa tapeli. Hakuuza hirizi, wala hakumtisha mtu ili arudi tena. Kazi aliirithi kwa baba yake, na watu walimwita Guruji, yaani mwalimu, hata wale waliomzidi umri.

Mkewe alifariki wakati binti yao wa pekee, Sushama, ana miaka kumi na sita. Tangu hapo msichana ndiye aliyekanda mikate ya mtama alfajiri, na mchana aliketi kando ya baba yake kuchora ramani za nyota za wateja. Ikafika mahali Trimbak anasema tu, Sushama anaandika.

Alipotimiza miaka ishirini na mitatu ikaja posa. Mwenyewe alikuwa Arvind Khare, mkemia wa kiwanda cha sukari, kijana mpole aliyefahamiana na Sushama kwenye maktaba ya mji. Wazazi wake hawakuwa na neno. Walitaka tu nyota zilinganishwe kama ilivyo desturi. Na wa kuzilinganisha alikuwa nani kama si Trimbak?

Akaitandaza ramani ya bintiye sakafuni. Katika elimu ya kwao mbingu imegawanywa nyumba kumi na mbili; sayari ina macho, na hutazama nyumba nzima kwa mpigo mmoja. Kila sayari huitazama nyumba ya saba, ukihesabu kuanzia ile iliyomo. Mirihi huongeza ya nne na ya nane, Mushtarii ya tano na ya tisa. Mirihi ya Sushama ilikuwa nyumba ya nne, ikiikodolea macho nyumba ya saba, ambayo ndiyo ya ndoa. Jicho la Mirihi ni la moto. Mume hufa, au ndoa huvunjika. Lakini kutoka nyumba ya kumi na moja, Mushtarii nayo iliitazama nyumba ile ile, na jicho la Mushtarii ni la rehema. Likitua mahali, moto hupoa. Trimbak aliyaona yote mawili kabla hajamaliza chai yake. Kisha akainua uso, akamwona Sushama jikoni akipepeta mchele, na akaiona nyumba bila yeye.

Akina Khare aliwaambia habari ya Mirihi. Ya Mushtarii akaimeza.

Habari zikamfikia Madhukar Lele, kaka wa marehemu mkewe, mwalimu wa hesabu kule Pune, aliyejifunza unajimu wa Kizungu kwa vitabu vya mitumba. Akapanda basi, akaja.

"Shemeji, unamfungia mtoto maisha kwa Mirihi gani?" alianza hata viatu hajavua.

"Mirihi iliyoko mbinguni. Kwani Pune mna nyingine?"

"Sikiliza. Wazungu hawahesabu nyumba, wanapima digrii. Mirihi yake iko digrii ya pili, Zuhura iko digrii ya ishirini na saba, burji tatu mbele, kila burji digrii thelathini. Kati yao mia moja na kumi na tano. Zikikaribia mia moja na ishirini, hizo ni sayari marafiki! Wewe unasema Mirihi inamchoma, wao wanasema inampa mkono."

"Mia na kumi na tano si mia na ishirini."

"Wanaruhusu pungufu kidogo."

"Ahaa! Kumbe ni duka la nguo. Ukibembeleza, unapunguziwa."

Majirani barazani wakaangua kicheko. Trimbak akaongeza, "Na hao Wazungu wako, sayari moja ikiitazama nyingine, nyingine nayo inaitazama?"

"Ndiyo. Pembe ni ile ile, uipime huku au huku."

"Basi bado hawajajua kutazama. Kwetu waweza kutazamwa na asiyeonekana kwako."

Madhukar akashindwa. Alizijua pembe za ugenini, macho ya nyumbani hakuyajua, hivyo swali moja lililofaa kuulizwa hakuweza kuliuliza. Akamgeukia Sushama, aliyesimama mlangoni na sinia la chai.

"Wewe unasemaje, mwanangu?"

"Baba ndiye anayejua, mjomba," alijibu, akimtazama baba yake. Alimtazama kwa muda. Trimbak akaanza kukunja karatasi.

Kabla mvua hazijaisha Arvind alikuwa ameoa msichana wa Karad. Posa nyingine mbili zilikatikia njiani, kwani sifa ya Mirihi ilizitangulia.

Miaka kumi na miwili baadaye akaja Yamunabai, mke wa mfanyabiashara wa bizari ya manjano, na ramani ya bintiye mkononi, analia.

"Guruji, wamemkataa mwanangu. Wanasema ana Mirihi."

Sushama akasoma kwa sauti: Mirihi ya nne, Mushtarii ya kumi na moja.

"Futa machozi, mama," Trimbak alisema, kama alivyozoea kusema. "Mushtarii inaitazama nyumba yake. Muozeshe bila hofu."

Akasikia kalamu imesimama. Halafu ikaendelea.

Mgeni alipoondoka, Trimbak alimgeukia bintiye. "Sushama, ile ramani yako..."

"Najua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Miaka saba nilikuwa nakuchorea, ningekosaje kuiona?"

"Mbona hukusema mbele ya mjomba wako?"

"Niseme baba yangu ni muongo? Nilingoja useme mwenyewe. Kila siku nikasema labda kesho. Mara nikasikia Arvind ameoa."

"Niliogopa kubaki peke yangu," Trimbak alisema.

"Ungeniambia hivyo tu." Hakupandisha sauti. "Tungekaa hapa hapa na wewe. Arvind alisharidhia. Kiwandani ni mwendo wa nusu saa."

Mwaka huo Sushama alipata kazi katika shule ya wasichana Satara, akahamia huko. Kila sikukuu ya Ganesha huja na vitumbua vya nazi na sukari guru, humgusa baba yake miguu kwa adabu, wakazungumza habari za mvua na bei ya vitunguu. Mara mbili Trimbak alijaribu kuomba msamaha. Mara zote mbili Sushama alimsogezea sahani, akamwambia ale.

Siku chache kabla ya sikukuu ya mwaka huu mzee alisikia kwamba Arvind amefiwa na mkewe, na kwamba yuko peke yake Nashik. Sushama alipokuja, mzee alitaka kumwambia. Sikukuu ikaisha, bintiye akapanda basi, na neno hilo bado liko kifuani mwake.