Jeneza Lililolala Kituoni

Nilitumwa Homa Bay kuchukua jeneza la baba mkwe. Nikalipakia kwenye pikapu, na nilipofika Rongo nikasimama kupunguza huzuni kwa chupa moja. Zikawa nyingi. Polisi walinishika hata kabla sijafika Awendo. Mimi nikalala seli, jeneza likalala uani.

Asubuhi nilimtuma dereva wa lori la miwa, aliyelala nami seli na sasa akiachiliwa, akaseme msibani Migori kwamba gari limevunjika springi.

Nilikuwa nikimsihi sajini anipe funguo za pikapu waombolezaji walipoingia na fundi na springi mpya. Walikuwa wameiona pikapu kutoka barabarani. Nilisimama bila viatu, bila mshipi, mbele ya mama mkwe ambaye kwa heshima sijawahi kumtazama usoni.

“Huyu ni mtu wenu?” sajini akauliza.

“Tupatie sanduku,” mama mkwe akasema. “Huyo kaa naye.”